Mgeni Aliyeomba Kimya

Siku ya kuniaga, wenzangu wa kituo cha tathmini walinipa blanketi, saa ya ukutani na hotuba. Hotuba zilipopamba moto nilijikuta nageuka nyuma kutazama ni nani huyo anayesifiwa hivyo. Baada ya chakula msichana mmoja aliyeajiriwa juzijuzi akanisogelea, akaninong'oneza: "Mwalimu Kerubo, hayo yote ni sawa. Lakini si utuandikie kazi yenyewe hufanywaje? Chuoni hawatuambii." Basi niko nyumbani Nyamache, ng'ombe amekamuliwa, redio nimeizima, naandika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini amuulize mwajiri wangu, ingawa nadhani naye hakumbuki.

Nilianza kama walimu wote, kwa chaki na sauti. Baadaye nikasomea elimu ya watoto wenye mahitaji maalum, nikapelekwa Nyamira kwenye kituo cha tathmini. Jina kubwa hilo. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya elimu, kati ya stoo ya mitihani ya zamani na choo ambacho ufunguo wake ulikaa kwa mkubwa. Kazi yetu ilikuwa hivi: mtoto anayesumbuka kusoma, kusikia, kuona, kusema au kukaa na wenzake analetwa kwetu, tunamwangalia, tunasema anahitaji nini, kisha tunaanza kukitafuta hicho anachohitaji. Sehemu ya kwanza humalizika asubuhi moja. Sehemu ya pili ndiyo iliyoniotesha mvi.

Ndani ya kabati la chuma nilikuta sanduku la vifaa, msaada kutoka ng'ambo. Kulikuwa na vipande vya mbao vya kupanga, shanga za kutunga, kengele ndogo, mwanasesere wa mguu mmoja, na kadi za picha. Mtoto anaonyeshwa kadi, anataja anachokiona. Kadi ya kwanza ilikuwa treni. Ya pili, mtu aliyetengenezwa kwa theluji. Ya tatu, tunda jekundu lenye vidoadoa ambalo mimi mwenyewe nililiona kama nyanya yenye ugonjwa. Watoto wenye akili zao timamu walikuwa wakishindwa mtihani huo mmoja baada ya mwingine, na ukitazama matokeo ungedhani Nyamira yote imepigwa kichwani.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Rael, mama wa Kisabato ambaye siku za kazi hakuwa akicheka. Alizisukuma kadi zile chini ya kabati, akachukua kikapu, akakijaza sufuria ndogo, mwiko, jembe lisilo na mpini, ndizi mbichi na tawi la majani chai. "Muulize mtoto haya," akasema. "Akishindwa na ndizi, hapo ndipo tuanze kuongea." Kikapu kile nilikitumia mpaka mshikio wake ukaoza, na ndizi nilikuwa nikibadilisha kila wiki, maana watoto wengine walijibu kwa kuila.

Bi Rael alikuwa na masharti yake. Vua bangili, zinapiga kelele. Usijipake marashi, kuna mtoto atakayekukimbia kabla hujafungua mdomo. Keti sakafuni. Mtoto msalimie mwisho, baada ya watu wote, maana ukimpapatikia kwanza atajua kuna jambo. Na ukienda shuleni usitangaze. Nilimuuliza kwa nini tusipige simu mapema walimu wakajiandaa. Akaniangalia kwa juu ya miwani. "We Kerubo, unataka kumwona mtoto ama unataka kuona walimu wakijiandaa?" Alistaafu zamani, na alipoondoka utaratibu ukarekebishwa: sasa mgeni yeyote anayekwenda shuleni, lazima mwalimu mkuu ajulishwe mapema. Utaratibu mzuri sana. Mtaona.

Niseme pia kuhusu usonji, maana ndio uliokuja kunichukulia muda mwingi. Nilipoanza kazi neno lenyewe halikuwa midomoni mwa watu. Nyumbani kwetu kwa Ekegusii hatukuwa na jina lake, kwa hiyo watu walitumia majina yaliyokuwepo: mtoto ni kiziwi, mtoto ni mkaidi, ama kuna kitu upande wa mama. Siku zote upande wa mama. Miaka yote niliyofanya kazi sijasikia shida hata moja ikitokea upande wa baba. Nadhani upande huo una askari. Siku hizi redio zinataja usonji, watu wanatikisa kichwa kwamba wameelewa, halafu wanakuuliza kama unaambukiza.

Kesi ninayotaka kuwaachia ni ya Nyanchama. Alikuwa gredi ya pili katika shule moja karibu na Ekerenyo, ambayo jina lake nitalimeza kwa sababu bado nawapenda. Alikuwa msichana mrefu, msafi, asiyesema, mwenye kuimba kwa pua siku nzima wimbo usio na maneno. Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Shida ilikuwa kwamba yalisikia kupita kiasi. Kengele ya shule hiyo ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti na kupigwa kwa chuma, na kila ilipolia Nyanchama aliziba masikio, akaruka dawati, akatoka mbio. Kushoto palikuwa na uwanja. Kulia palikuwa na geti, na nje ya geti barabara inayopitiwa na malori ya majani chai. Yeye alipenda kulia.

Mwalimu wake, Dorcas, alikuwa na watoto tele darasani na miguu mizuri ya kukimbia. Alikuwa amemkamata getini mara nyingi hata akaacha kuvaa viatu vya visigino. "Mwalimu Kerubo," aliniambia, "mimi nilisomea kufundisha. Riadha sikusomea."

Mama yake aliitwa Moraa, mchuma chai, mwenye ulimi. Nilipofika kwake mara ya kwanza alinikaribisha, "Bwakire buya, mwalimu, ingia, keti," akaniwekea chai na ndizi za kuchemsha, kisha akasema kabla sijauliza lolote: "Kama umekuja kuniambia niombe, nimeomba. Kanisa limemwombea huyu mpaka mchungaji amechoka. Kama umekuja kuniambia ni laana, mlango ni ule. Mimi sitaki muujiza. Nataka asikimbilie barabara." Nikamwambia hata mimi ndicho ninachotaka. "Haya, kunywa chai basi," akasema.

Nyanchama alihitaji mtaalamu wa tiba ya shughuli, yaani mtu anayemfundisha mtoto namna ya kuutuliza mwili wake, kustahimili kelele, kuomba anachotaka badala ya kutoroka, na humfundisha mwalimu pia kusaidia kila siku. Wataalamu hao tunao, ila ni wachache na wanakaa hospitalini. Nikaanza kuzunguka. Ofisi ya elimu ilisema tiba ni kazi ya afya. Ofisi ya afya ilisema mtoto aliye shuleni ni wa elimu, mlete hospitali atakuwa wetu. Ukifuata hesabu hiyo, Nyanchama alikuwa wa elimu akiwa darasani, wa afya akiwa kitandani, na pale barabarani mbele ya lori hakuwa wa mtu.

Tulimpeleka hospitali. Alilia njia nzima, na abiria mmoja akatupa ushauri njia nzima. Kwenye benchi la kusubiri palikuwa na televisheni iliyokuwa ikihubiri, mlango wa chuma usiofungika kimya kimya, na mlinzi aliyeita majina kama anayeuza samaki. Tulipofikiwa Nyanchama alikuwa amejikunja chini ya benchi, hataki kuguswa hata na mamake. Mtaalamu alikuwa kijana aitwaye Obed. Alipiga magoti, akamtazama chini ya benchi, kisha akainuka. "Mwalimu, hapa naona mtoto aliyechoka. Huyo mnayenieleza simwoni. Ningemwona huko huko shuleni." Nilimpenda hapo hapo, nikakataa kutoka ofisini mwa mkubwa wake mpaka akakubali.

Mkubwa wake alikubali kwa masharti. Obed angepewa asubuhi moja kwenda kutazama. Akikuta shule ina mahali patulivu, na mwalimu mmoja aliye tayari kujifunza, shule ingeingizwa kwenye ratiba yake na angekuwa akija kila baada ya wiki mbili. Akikosa hayo, nafasi ingepewa shule nyingine, na zilizoililia zilikuwa nyingi. Wakati huo huo bodi ya shule ilikuwa imeshakata shauri: muhula ukiisha bila mtaalamu, Nyanchama akae nyumbani, kwa sababu lori likimgonga lawama ni ya shule. Kwa hiyo masomo yote ya mtoto yule yalikuwa yameegemea asubuhi moja ya Jumanne.

Nikampigia simu mwalimu mkuu, Bwana Zablon, kama utaratibu unavyotaka. Bwana Zablon ni mtu mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu ya yanayofuata.

"Mwalimu Zablon," nikamwambia, "Jumanne anakuja mtaalamu kumwona Nyanchama. Tafadhali msifanye chochote."

Nikamsikia akicheka kwa furaha. "Mwalimu Kerubo! Sisi si watu wa kumpokea mgeni mikono mitupu."

"Hapana, nasema kweli. Msijisumbue."

"Nimekuelewa, mwalimu," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyeelewa kabisa.

Unayesoma, kama hukuzaliwa huku, nikueleze. Kwetu mgeni akisema nimeshiba, anapakuliwa. Akisema msijisumbue, kuku anakamatwa. Adabu ya mgeni ni kukataa, na adabu ya mwenyeji ni kutosikia. Tena anayekataa sana huhesabiwa kuwa mgeni mkubwa sana. Nilipiga simu tena kukumbusha kwamba hatutaki kelele. Nikapiga ya mwisho, kwa ukali kidogo, kwamba hatutaki watu. Baadaye nilikuja kujua matokeo. Simu ya kwanza ilileta kwaya. Ya pili ilileta hema. Ile ya ukali ilimleta chifu.

Jumanne hiyo tuliisikia shule kabla ya kuiona. Obed alikuwa ameketi mbele kwenye gari la idara, mkoba wake mapajani, ndani mna brashi laini, mipira ya kufinya na blanketi dogo zito. "Kuna harusi?" akauliza dereva. Tukapinda kona. Hema mbili, za buluu na nyeupe. Spika za kanisa, ndefu kuliko walimu. Jenereta ikinguruma nyuma ya maktaba. Watoto wote wa shule wamepangwa mistari miwili kutoka getini, wakipiga makofi. Nikafunga macho, nikaomba tukute tumekosea shule.

"Karibu daktari! Karibu!" Bwana Zablon alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai ya siku za mahafali. Akamshika Obed mkono akausahau mkononi mwake. Kwaya ikapokea. Watoto wa gredi ya sita wakakariri shairi lililouliza usonji ni nini, swali zuri sana, ingawa shairi liliisha kabla ya kulijibu. Chifu alikuwepo, mwenyekiti wa bodi Mzee Onsongo alikuwepo, mchungaji alikuwepo, na harufu ya kuku ilikuwepo.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza Obed.

"Tutafika hapo, daktari," akasema mwalimu mkuu, akimsukuma taratibu kuelekea kiti chenye kitambaa. "Kwenye programu mtoto anakuja baada ya hotuba ya chifu."

Nikamtafuta Dorcas kwa macho. Nikamwona anakuja mbio kutoka madarasani, viatu mkononi, na uso wake ukaniambia kila kitu. Nyanchama alikuwa ameondoka walipojaribu spika. Yule kijana wa vyombo alisema "moja, mbili, moja, mbili" ndani ya kipaza sauti, na mtoto alikuwa ameshatoka kabla ya mbili ya mwisho. Dorcas alimfuata, lakini njia ilikuwa imejaa watoto waliopangwa mistari ya kumpokea mtu anayekuja kumwokoa. "Na mama yake?" nikauliza. Moraa alikuwa jikoni. Alikuwa amechaguliwa, kwa heshima, miongoni mwa wanawake wa kupikia mgeni wa mwanawe.

Habari ikamfikia mwalimu mkuu, naye kwa nia njema kabisa akafanya jambo baya kuliko yote. Akachukua kipaza sauti. "Nyanchama! Nyanchama popote ulipo, mgeni wako amefika!" Jina lile likapiga vilima vikalirudisha. Lori la chai lilikuwa likipanda mlima kutoka upande wa soko, nalo lilikuwa likipiga honi, kwa sababu dereva aliona hema akadhani ni sherehe akataka kuchangia.

Moraa akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuuliza mtu. Akakimbia moja kwa moja kwenda getini. Lori likapita. Vumbi likatua. Barabarani hapakuwa na mtu, na sikujua kama nifurahi.

Obed akaenda hadi kwa mwalimu mkuu. Hakupandisha sauti. "Mwalimu mkuu, mimi ni mgeni wenu leo?"

"Sana, daktari!"

"Basi nina ombi la mgeni. Nipeni kimya."

"Kimya?"

"Kimya. Sitaki kitu kingine. Hicho ndicho mtakachokuwa mmenipa nikirudi kwetu."

Ningependa mngeona uso wa Bwana Zablon. Wiki nzima alikuwa akingoja mgeni huyu aseme anataka nini, na mgeni hakuwa akisema. Sasa amesema. Akageuka, akainua mikono yote miwili. Jenereta ikazimwa. Kwaya ikameza wimbo katikati. Chifu, ambaye alikuwa amesimama kusafisha koo, akaketi na koo lake vile vile. Mtoto mmoja wa chekechea akapiga chafya, akafunikwa na sweta la mwenzake. Sijawahi kusikia shule ikinyamaza hivyo, hata siku za mitihani.

Tukasikia wimbo. Ule wa puani, usio na maneno, ukitoka ng'ambo ya barabara ndani ya shamba la chai la mtu aliyehamia mjini, ambalo halijapogolewa miaka mingi na michai yake imekuwa miti. Alikuwa amevuka. Kabla ya lori au baada, hakuna anayejua hadi leo. Moraa aliposikia wimbo ule aliketi pale pale barabarani na mwiko wake, akaanza kulia kwa sauti, kisha akakumbuka kimya, akaziba mdomo kwa kanga. Nami nilikuwa nalia, na siku hiyo nilikuwa ofisa wa serikali kazini.

Obed alivua koti akaingia chini ya michai kwa magoti. Hakumwita mtoto. Aliketi karibu naye, akampa mgongo, akatoa mpira mmoja kwenye mkoba akawa anaufinya peke yake kama mtu asiye na haraka. Baada ya muda mkono mdogo ukaja ukauchukua. Wakaendelea huko chini asubuhi yote, yeye, Nyanchama na Dorcas ambaye alijikunja akaingia na gauni lake la sherehe bila kuambiwa. Shule nzima ilikuwa imeketi kwenye nyasi, kimya. Bwana Zablon mwenyewe alisimama barabarani na fimbo yake ya gwaride akisimamisha bodaboda. "Zima injini," akawaambia kwa kunong'ona. "Sukuma mpaka kule. Tuna mgeni." Na wakasukuma.

Obed alipotoka, magoti yakiwa mekundu kwa udongo, nilimuuliza huku nikiogopa jibu: mahali patulivu je? Akawatazama wale watu wote walioketi wakinyamaza kwa nguvu. "Mwalimu," akasema, "nimezunguka shule nyingi. Hii ndiyo tulivu kuliko zote." Kuku alilika, lakini kwa kunong'ona.

Kuanzia hapo shida yetu ikawa kinyume. Mwalimu mkuu aliunda Kamati ya Kimya, yenye mwenyekiti, katibu na mchungaji wa kufungua kwa sala. Siku ya Obed, ng'ombe wa shule alihamishiwa kwa jirani. Chifu alitangaza barazani kwamba siku hiyo watu wasichinje nguruwe karibu na shule. Rimu ya gari ilishushwa mtini, na badala yake mtoto wa zamu akawa anapita madarasani akipunga bendera nyekundu, mpaka gredi ya saba wakalalamika kwamba mapumziko yanawapita wakiwa wameinama. Obed alicheka hadi akafuta machozi, kisha akawaeleza kwamba haitakiwi dunia nzima inyamaze. Nyanchama naye lazima azoee kelele kidogo kidogo. Kamati ikasikitika sana. Ilikuwa imeshashona fulana.

Kazi yenyewe, ninyi wadogo zangu, haikuwa na maajabu. Mjomba wa mtoto anafanya kazi katika kiwanda cha chai upande wa Itumbe, akatuletea vile vikinga masikio wanavyovaa karibu na mashine, tukavipunguza kwa kamba. Dorcas alishona mto mdogo mzito wa kumwekea mapajani akitulia, akaujaza wimbi. Panya wakala wimbi, akajaza kokoto. Rimu ikarudi mtini, lakini ikafungwa kitambaa, na kabla ya kupigwa Dorcas humwonyesha Nyanchama kwa kidole ili isimshtue. Kisha likaja lile gumu kuliko yote. Walimfundisha kwamba akitaka kutoka, badala ya kukimbia, aje amgonge mtu mzima mkononi mara mbili. Akigonga, anatolewa, hapo hapo, hata kama ni katikati ya hesabu. Ilichukua mihula. Kuna wiki alisahau yote tukaanza upya. Kuna siku Dorcas alivaa tena raba.

Ikafika siku hakukimbia. Ikapita wiki hakukimbia, ukapita mwezi. Nikajua tumekwisha. Mtoto akisumbua mnampata mtaalamu kwa machozi; akitulia mtaalamu anaonekana hana kazi.

Kweli, bodi ikaitisha mkutano, nami nikaalikwa. Moraa alikuja moja kwa moja kutoka kuchuma, na Nyanchama mkononi kwa sababu ilikuwa baada ya masomo. Mtoto akaketi kwenye benchi la nyuma na vikinga masikio vyake. Mzee Onsongo alianza kwa kumshukuru Mungu. Akasema mtoto amepona, sote ni mashahidi, na kwa hiyo ni vizuri shule imwachilie daktari kwa heshima, ile saa yake na kile chumba alichotengewa na shule vitumike kwa mambo mengine. Kwaya, kwa mfano, haina mahali pa mazoezi.

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Bwana Zablon alitazama meza. Nikaanza kusimama, lakini Moraa alikuwa ameshasimama, kikapu cha chai bado mgongoni.

"Mzee, nikuulize, usikasirike. Wewe si una presha?"

"Ninayo, mama."

"Na dawa si iliishusha?"

"Ilishusha."

"Ukafanyaje?"

Mzee Onsongo akaanza kupanga karatasi zake. Hakuna aliyemsaidia kujibu, kwa sababu wajumbe wote walikuwa kanisani Sabato ile, alipokuwa ameacha dawa, akaanguka na kiti cha wazee.

"Hii mtoto yangu haijapona," akasema Moraa. "Hakuna kitu ya kupona. Amejifunza. Na akiachwa atasahau, na ile lori haitasahau kupita. Mkitaka chumba ya kwaya, imbieni kwangu. Nina mti mkubwa."

Wakaanza kujadiliana. Mjumbe mmoja akasema tungoje mwaka ujao. Mwingine akasema iundwe kamati. Sauti zikapanda, watu watatu wakawa wanazungumza kwa pamoja, mwingine akapiga meza. Nikageuka nyuma. Benchi lilikuwa tupu.

Lakini mlango ulikuwa bado umefungwa. Nyanchama alikuwa ameinuka, mikono juu ya vikinga masikio, uso umekunjamana, anapita kati ya viti vya watu wazima. Alimpita mamake. Alimpita Dorcas. Akaenda hadi mbele, kwa yule aliyekuwa ameketi kiti kikubwa, akashusha mkono mmoja, akamgonga Mzee Onsongo mkononi. Mara mbili.

Aliyekuwa akipiga meza akaurudisha mkono mapajani.

"Anataka nini?" akauliza mzee.

"Anaomba ruhusa atoke," Dorcas akasema. "Zamani hakuwa akiomba."

"Na nikimkatalia?"

"Hakataliwi, mzee. Ndiyo sababu anaomba."

Mzee Onsongo akautazama mkono wake pale alipogongwa. "Toka, mama," akamwambia mtoto kwa upole. "Toka upumzike." Akainuka mwenyewe, na magoti yake yale, akamfungulia mlango. Sote tulitega masikio. Tulisikia hatua za kutembea kwenye veranda, polepole, halafu ule wimbo wa puani, pale pale nje ya dirisha.

"Daktari anaendelea," akasema Mzee Onsongo, akiketi. "Andikeni hivyo."

Moraa akajifunika uso kwa kanga. Bwana Zablon akavuta pumzi, akafunga kifungo cha koti, akasimama ili atoe neno la shukrani kwa niaba ya shule, wazazi na jamii yote kwa jumla. Alikuwa amefika "Mheshimiwa mwenyekiti" tu, mzee aliponyoosha mkono akamgonga begani mara mbili, nasi wote tukatoka.